Baba wa Waziri, Kitanda cha Kumi na Nne

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama kando ya kitanda cha kumi na nne, kikapu cha machungwa mkononi, na mzee nisiyemjua amenishika kidole. Wengi mmeniandikia mkiuliza alisema nini.

Alisema hivi, kwa Kihainan, lugha ya kisiwa alikotoka bibi yangu kule Uchina:

"Mwambie Ah Siang ndevu zangu zimekuwa ndefu. Aje aninyoe."

Nikakisoma kibao kilichoning'inia miguuni pa kitanda. Foo Kee Juan. Umri miaka themanini na minane.

Bosi wangu anaitwa Foo Yeow Siang; Ah Siang ndivyo mzazi angemwita.

Kwa aliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, nimweleze haraka. Mimi ni Ngiam Swee Lian. Miaka saba nilikuwa katibu wa habari wa Waziri wa Mambo ya Wazee hapa Singapuri. Kazi yangu ilikuwa kusafisha. Yeye anachafua, mimi napita nyuma na kitambaa.

Na alichafua sana. Alipanda haraka mno huyu bwana: ufadhili wa serikali akiwa na miaka kumi na minane, brigedia akiwa na thelathini na saba, ubunge bila mpinzani, kisha gari la uwaziri. Akiwa naibu waziri aliamuru mabenchi ya wazee yang'olewe chini ya maghorofa ya serikali, eti yanafuga uzembe. Uchaguzi ukakaribia, akayarudisha yaleyale, na kila benchi sasa lina kibao chenye jina lake.

Kisha akasimama bungeni kupitisha sheria ya kuwabana watoto wanaowatelekeza wazazi. Siku hiyo alitamka maneno yaliyowatoa watu machozi: "Baba yangu hula meza moja nami kila jioni."

Maneno hayo niliyaandika mimi.

Jumatano ya wiki ninayoisimulia alitembelea nyumba ya wazee ya Bukit Cempedak. Alipoingia kwenye lifti aondoke, alisahau maikrofoni kwenye kola ya shati. Nchi nzima ikamsikia: "Nipeni kitambaa nijifute. Hawa watu wameshaoza, kilichobaki ni kuwazika."

Ndiyo maana Ijumaa asubuhi nilikuwa pale na machungwa. Nilitumwa kuomba radhi kwa niaba yake, kitanda hadi kitanda.

Nikamfuata muuguzi wa zamu, mama wa Kimalei aitwaye Zaleha, mwenye mikono mipana na macho yasiyomwogopa mtu.

"Dada, yule mzee wa kumi na nne ana mtoto?"

"Anaye. Si ndiye huyo anayekulipa wewe?"

"Mnajua?"

"Tunajua sote, mpaka mfagizi. Tuliambiwa atakayefungua mdomo akatafute kazi kwingine."

"Huwa anakuja kumwona?"

Zaleha akaendelea kukunja shuka. "Mimi nina miaka sita hapa. Jumatano ndiyo mara ya kwanza kuona viatu vyake. Alisimama pale mlangoni na makamera yake nyuma. Mzee akamwita, Ah Siang, Ah Siang. Waziri akageuka kama hajasikia, akaingia chumba cha akina mama. Wapiga picha wakadhani mzee anaweweseka."

"Halafu?"

"Halafu akaenda kwenye lifti."

Nchi nzima ilidhani maneno ya kwenye lifti yalikuwa ya wazee wote. Kumbe alikuwa ametoka kuitwa na baba yake.

"Na hayo machungwa yako," akasema Zaleha, "yapeleke kwa wenye meno."

*

Nilipanda ofisini nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nilijua atakana. Nilijua atapiga meza. Nilikuwa nimeshapanga majibu.

Waziri alikuwa akijifuta vidole kwa vile vitambaa vyenye maji ya manukato, kidole kimoja baada ya kingine, kama kawaida yake akishasalimiana na wananchi.

"Mheshimiwa, nimemwona baba yako."

Hakuinua uso. "Anaonekanaje?"

Hilo sikuwa nimelipangia jibu.

"Ndevu zimekuwa ndefu," nikasema.

"Basi anyolewe. Ndevu hazitakaa vizuri kwenye picha."

"Picha gani?"

Akatupa kitambaa, akaniangalia kwa upole, ule upole wake wa kumwangalia mtu mzito wa kuelewa.

"Swee Lian, Waziri Mkuu amenipa mpaka Jumatatu nilimalize jambo la lifti, au niandike barua ya kujiuzulu. Jumapili saa sita mchana, nyumbani kwangu, baba yangu atakula chakula na mimi. Nitamlisha kwa mkono wangu. Ita televisheni, ita magazeti, warushe moja kwa moja. Mtu akishaniona nafuta uji kidevuni mwa baba yangu, atakumbuka lifti?"

"Na wakiuliza anaishi wapi?"

"Ulishaandika kwamba anakula kwangu kila jioni."

"Niliandika ulichoniambia, Mheshimiwa."

"Basi andika tena."

Hapo ndipo nilipopaswa kuvua kitambulisho changu shingoni, nikiweke mezani, nitoke. Nimelala nalo hilo mausiku mengi. Lakini mmelipa gazeti lenu, lazima niwaambie nilichosema.

Nilisema, "Kamera ngapi?"

*

Mzee Kee Juan alikubali haraka kuliko tulivyotarajia.

"Kwa Ah Siang? Nitakwenda. Ila aninyoe yeye. Si kinyozi, si huyu mama. Yeye."

Jumapili saa tatu asubuhi nilimchukua kwa gari la wizara, Zaleha akiwa kando yake na begi la dawa. Mzee alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Njia nzima alikuwa akinisimulia kuku: namna ya kumchemsha bila kumchosha, namna ya kumtumbukiza kwenye maji ya barafu ili ngozi ikaze, na kwa nini wapishi wa siku hizi ni wahuni.

"Wewe ni Ngiam wa wapi, mjukuu wangu?"

"Babu yangu alitoka Wenchang."

"Aa. Wenchang, mji wa kuku. Basi kuku unamjua."

"Namjua kula, Babu."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikajikuta nacheka naye, halafu nikakumbuka nampeleka wapi.

Tulipofika, Rosalind, mke wa Waziri, alitungojea nje akiwa na chupa ya manukato mkononi. Msidhani natia chumvi. Chupa ilikuwa mkononi.

"Msimpitishe sebuleni, kuna zulia," akasema. "Mlango wa jikoni uko huku. Amekwenda haja?"

"Muulize mwenyewe, mama," akasema Zaleha. "Masikio anayo."

Rosalind hakumuuliza. Alipuliza manukato kwenye kiti cha magurudumu, mbele na nyuma, mpaka mzee akapiga chafya.

Akaletwa kwenye chumba cha kufulia nguo. Akakaa kati ya mashine na kamba ya kuanikia, akingoja, mikono juu ya magoti. Baada ya nusu saa mwanawe akaingia.

Alikuwa amevaa glavu mbili mbili, na kitambaa cha kuziba pua.

"Baba," akasema.

Mzee aliutazama ule uso uliozibwa kwa muda mrefu. Kisha akainua kidevu, akafumba macho, akangoja wembe.

Waziri alinyoa shavu moja. Alinyoa kama mtu anayekwangua sufuria ya jirani, mkono mbali, kichwa kimegeuzwa pembeni. Wembe ukakata chini ya sikio. Mzee hakushtuka. Alisema kitu kwa sauti ndogo, macho yamefumbwa bado.

"Anasema nini?" Waziri akaniuliza.

Nikamtazama. "Huelewi?"

"Mimi shuleni nilisoma Kiingereza na Kimandarini. Hicho cha jikoni nilikiacha jikoni."

"Anasema mkono wako mzito kama wa mama yako."

Waziri alisimama kidogo. Nilidhani, na naona aibu kwamba nilidhani, kuwa kitu kimemgusa. Kisha akanikabidhi wembe.

"Malizia. Harufu inanipanda kichwani."

Alizitupa zile glavu kwenye pipa, akanawa mikono hadi viwiko, mara tatu. Mimi nikainyoa nusu iliyobaki. Zaleha alisimama nyuma yangu, ameshika kiti kisisogee. Rosalind akaja kupaka poda juu ya kidonda, kisionekane.

"Nyumba ya nani hii?" Mzee akaniuliza.

"Ya mwanao, Babu."

"Kubwa." Akafikiri. "Ana watoto?"

"Wawili. Wanasoma Uingereza."

"Wanafanana na nani?"

Nilijifanya natafuta taulo.

*

Saa sita kamili waandishi walikuwa wamejaa sebuleni, wamevua viatu, wamepanga kamera zao kuzunguka meza ya chakula. Nilimwona Kamalanathan, mwandishi wa habari kwa miaka thelathini, mwavuli wake mweusi kwenye magoti ingawa jua lilikuwa linawaka. Huyo ndiye niliyemhofia. Wengine wote walikuwa vijana, na hakuna hata mmoja aliyejua Kihainan.

Waziri alivaa shati la nyumbani lililofifia. Lilinunuliwa jipya Ijumaa, likafuliwa mara tano ili lifanane na la zamani. Nawaambia kwa sababu wazo lilikuwa langu.

Uji wa samaki na tangawizi ukaletwa. Waziri akachota, akapuliza, akapeleka kijiko kinywani mwa baba yake. Mikono mitupu sasa, glavu hakuna. Kamera zikalia.

Mzee akafungua mdomo, akameza. Kijiko cha pili, akameza. Cha tatu kikamwagika kidogo, na Waziri akakifuta kidevu kwa kidole gumba, polepole, uso umegeukia kamera kubwa. Binti mmoja wa televisheni akavuta kamasi. Nikajua tumeshinda.

Kisha mzee akaanza kuzungumza.

Alizungumza Kihainan, taratibu, akimtazama mwanawe usoni. Na mwanawe, asiyeelewa hata neno, akawa anaitikia kwa tabasamu pana.

"Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia nyumba hii," alisema mzee.

"Ndiyo, Baba."

"Nimeingizwa kwa mlango wa jikoni, nikakalishwa na nguo chafu."

"Ndiyo, Baba. Ndiyo."

"Miaka sita nimekungoja. Umenigusa leo, ukavaa glavu."

"Ndiyo, Baba," akasema Waziri, akampapasa bega.

"Jioni utanirudisha, na hutakuja tena. Na uji wenyewe hauna chumvi."

"Ndiyo, Baba."

Nilitamani sakafu ipasuke. Zaleha hakuelewa maneno, ila alinitazama mimi usoni, na nadhani alisoma kila kitu.

Kamalanathan akainua kalamu. "Mheshimiwa, mzee anasema nini?"

"Aa, mambo ya baba na mwana," akajibu Waziri, akicheka kidogo. "Swee Lian ni Mhainan mwenzetu. Atawatafsiria."

Kamera zote zikanigeukia. Mzee naye akageuka. Uso wake ulikuwa msafi, nusu ile niliyoinyoa mimi.

Nilikuwa na pumzi moja ya kuamua. Hii ndiyo sehemu ambayo nimeifuta na kuiandika upya mara nne kabla ya kumpelekea mhariri.

"Anasema," nikaanza, "anasema anashukuru kuwa karibu na mwanawe kila siku. Na uji ni mtamu sana."

Sebule nzima ikalainika. Binti wa televisheni akafuta machozi waziwazi. Waziri akainamisha kichwa, akabana pembe za macho kwa vidole viwili. Jambo la lifti lilikuwa limezikwa pale mezani.

Mzee Kee Juan akaweka kiganja juu ya meza.

"Binti," akasema, "sikusema hivyo."

Alisema kwa Kiingereza.

Kilikuwa Kiingereza safi, cha zamani, cha watu waliofundishwa na mabwana wakali. Kijiko kilibaki hewani mkononi mwa Waziri.

"Nilipika miaka kumi na tisa kwa maafisa wa Kiingereza wa jeshi la majini, kule Sembawang," mzee akaendelea. "Wakinitukana nilielewa. Wakinisifu nilielewa. Na wewe nimekuelewa."

Waziri akacheka haraka. "Baba amechoka. Mnajua umri huu, kumbukumbu zinachanganyikana. Tumpeleke akapumzike."

"Niulizeni leo ni siku gani," akasema mzee.

Kamalanathan akamuuliza, kwa adabu. "Leo ni siku gani, mzee wangu?"

"Jumapili. Jumatano mwanangu alipita mlangoni kwangu, Bukit Cempedak, kitanda cha kumi na nne. Nikamwita. Akaingia kwa akina mama." Akapumzika kidogo. "Kama mnaona nimechanganyikiwa, muulizeni yeye nakaa chumba gani humu ndani. Na mtu anionyeshe choo kiko wapi. Mimi sijui, na nimekibana tangu asubuhi."

Zaleha alikuwa ameshafika kwenye kiti. Akamsukuma mzee kuelekea ukumbini, akifungua mlango mmoja, akifungua wa pili, akitafuta, na kamera zikawafuata mpaka walipopata choo. Kwa dakika nne nchi nzima ilitazama mlango uliofungwa. Rosalind alisimama mbele yake na ile chupa ya manukato, hajui aiweke wapi.

Walipomrudisha mezani, Kamalanathan hakumwangalia Waziri. Aliniangalia mimi.

"Swee Lian, tumejuana siku nyingi. Rudia tafsiri."

"Swee Lian," akasema Waziri, polepole.

Nikairudia. Sentensi moja moja, kama mzee alivyosema. Mlango wa jikoni. Nguo chafu. Miaka sita. Glavu. Uji usio na chumvi. Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa kila sentensi, kama mwalimu anayesahihisha daftari.

Nikadhani imekwisha. Nikadhani namwona Foo Yeow Siang akianguka mbele ya macho yangu, na ninakiri nilisikia raha.

Nilikuwa simjui. Miaka saba, na nilikuwa simjui.

*

Waziri aliweka kijiko chini. Akachukua kitambaa, akajifuta vidole, kimoja baada ya kingine, mpaka vikatimia kumi.

"Nashukuru limetoka," akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na ya huzuni. "Jambo hili nimelibeba peke yangu kwa siku mbili. Nilinyamaza ili kumlinda mfanyakazi wangu."

"Mfanyakazi gani?" akauliza Kamalanathan.

"Miaka sita iliyopita nilikuwa ng'ambo kikazi. Baba alihitaji uangalizi. Nilimkabidhi kwa mtu wa ofisi yangu niliyemwamini kama ndugu. Nikaambiwa yuko kwa dada yangu, anatunzwa vizuri."

"Ulisema bungeni anakula nawe kila jioni."

"Nilisoma hotuba niliyoandikiwa. Muulizeni aliyeiandika."

"Na Jumatano? Mzee alikuita."

Waziri akatikisa kichwa, kama anayeuguza kidonda. "Sikumtambua. Mliziona ndevu zake? Nani angemtambua na ndevu zile?"

Mzee alimtazama mwanawe aliposema hayo. Sijawahi kuona mtu akitazamwa hivyo. Haikuwa hasira. Ilikuwa kama mpishi aliyefunua sufuria aliyoiacha jana, akaona kilichomo, akatafuta kifuniko.

"Rosalind," Waziri akaita.

Mkewe akainama, akainua kitambaa cha meza ndogo ya kahawa, akatoa jalada la buluu. Lilikuwa pale tangu asubuhi. Lilikuwa pale tulipokuwa tunapanga vikombe, lilikuwa pale nilipokuwa namnyoa baba yake. Alikuwa ameshaliweka tayari, endapo mambo yangekwenda kombo.

Kamalanathan akalipokea, akalisoma kimya, akanisogelea. Karatasi ilikuwa fomu ya kumpokea mkazi, nyumba ya wazee ya Bukit Cempedak. Jina: Foo Kee Juan. Chini yake: Mlezi mwenye dhamana. Chini yake, kwa wino wa buluu, jina langu na saini yangu.

"Hii ni saini yako?"

Nikaitazama. Ile herufi ya mwisho inayopinda kama ndoano ya samaki, hakuna mwingine anayeiandika hivyo.

Na nikakumbuka.

Ilikuwa wiki tuliyoliweka jeneza la mama yangu kwenye ukumbi wazi chini ya ghorofa letu, pale Toa Payoh, siku tano za msiba, mahema meupe, wajomba wakitafuna mbegu za tikiti na kucheza karata. Jioni ya tatu gari la serikali likasimama. Waziri mwenyewe akashuka, akafukiza ubani mbele ya picha ya mama, akainama mara tatu. Wajomba zangu waliacha karata, wakasimama. Nililia kwa fahari. Alinipa bahasha ya rambirambi, kisha akafungua mkoba.

"Samahani, Swee Lian, najua si wakati wake. Mambo ya ofisi tu. Saini hapa. Hapa. Na hapa."

Nikasaini, juu ya sahani ya mbegu za tikiti, macho yamejaa machozi. Sikusoma hata mstari. Miaka sita nimewasimulia watu kwamba bosi wangu ana ubaya wake, lakini alikuja msibani kwetu.

Alikuja kuchukua saini.

Nikaichukua fomu, nikaiweka mezani. Sheria ile aliyoipitisha mwenyewe naijua kwa moyo, maana niliandika vijitabu vyake. Mlezi aliyesaini, akamwacha mzee miaka miwili bila kumtembelea, anafikishwa mahakamani. Haisemi mtoto. Inasema mlezi. Neno hilo aliling'ang'ania kwenye kamati mpaka saa za mwisho, na sisi wote tukadhani ni uangalifu.

"Swee Lian," akarudia Kamalanathan, na kinasa sauti chake kilikuwa chini ya kidevu changu. "Saini ni yako?"

"Ni yangu."

Waziri akapumua, akanigusa bega. "Asante," akanong'ona, kwa sauti ya kusikika na kamera. "Najua haikuwa rahisi."

Ule mkono begani. Niliusikia hadi mfupani, na nilitamani kwenda kuoga.

Mzee Kee Juan aliinyoosha ile fomu mbele yake, akaisoma taratibu, midomo ikicheza. Akaisoma tarehe mara mbili. Kisha akainua macho, akamtazama Rosalind kidogo, na akanisemesha kwa Kihainan, lugha ambayo ndani ya chumba kile tulikuwa nayo sisi wawili tu.

"Siku hiyo niliyopelekwa, mjukuu wangu, wewe hukuwepo. Kulikuwa na mtu mwingine kwenye gari, kiti cha mbele. Nilinuia nisimtaje mpaka kaburini, kwa ajili ya mwanangu. Nimtaje?"

"Anasema nini?" akauliza Waziri. Tabasamu bado lilikuwepo, ila limebaki upande mmoja.

Kamera zote zilikuwa usoni kwangu tena. Rosalind, nyuma ya kiti cha mumewe, alikuwa ameiangusha chupa ya manukato kwenye zulia lake, na hakuinama kuiokota.

"Swee Lian," akasema Waziri. "Tafsiri vizuri."

Nikamgeukia mzee.

"Mtaje, Babu," nikasema. "Mtaje kwa Kiingereza."